Ndoa Changa na Kiingereza cha Chekechea

Jumanne, 8 Julai 2025

Na hata kama ni miezi miwili tu, kama anavyosema yeye, bado ni miezi miwili. Ndoa yenyewe ina siku kumi na saba.

Nimemwambia hivyo Melania, mke wangu. (Naliandika neno hili kila siku ili niliamini.) Akanijibu kwa utulivu kwamba wanachuo wote wa ualimu huenda mazoezi ya kufundisha, na hajasikia mume aliyekufa kwa sababu hiyo. Nitakuwa wa kwanza.

Habari yenyewe ni hii. Madamu Marcelina, mkufunzi wao wa Kiingereza cha walimu wa awali na msingi, ametangaza kipimo. Jumatatu ijayo wanachuo watasimama wawiliwawili mbele ya watoto wa chekechea ya chuo, wawaongoze kwa dakika ishirini, Kiingereza kitupu. Watakaofanya vizuri watabaki kufundisha hapohapo, hatua mia mbili kutoka steshenari yangu. Wengine vijijini. Simbo. Au Mwamgongo, huko kaskazini ya Gombe, ambako hakuna barabara, ni boti tu.

Na kura imemuunganisha Melania na Feliksi. Feliksi ni mrefu. Aliwahi kutembeza watalii wa sokwe, kwa hiyo Kiingereza chake kinapitia puani. Nimeuliza, bila kuonyesha chochote usoni, kama Feliksi ana mchumba. Melania akasema hajui, ila ana kikohozi.

Nimeamua. Nitamfundisha mke wangu mwenyewe. Nina kidato cha nne, na Kiingereza nilipata C.

Jumatano, 9 Julai

Somo la kwanza. Asubuhi, yeye akikoroga uji, mimi kwenye kigoda na daftari. Jua likimwangukia shingoni. Karibu nisahau somo.

Nikamwambia aniulize chochote. Akauliza: mtoto akimng'ata mwenzake, nasemaje?

Nikafikiri. Kidato cha pili tulikaa muhula mzima tukigeuza sentensi ziwe za kutendwa. Nikamwambia aseme: "Your friend must not be bitten by you."

Melania akatazama sufuria. Akasema mpaka amalize kusema hayo, mtoto ameshang'atwa mara tatu.

Akauliza chuchumaa. Sikujua. Futa kamasi. Sikujua. Nani amejikojolea? Sikujua, lakini nilimweleza kazi za figo, zote, kwa mpangilio.

Haya ndiyo masikitiko ya leo. Miaka minne nimesoma Kiingereza cha figo, na hakuna aliyenifundisha Kiingereza cha mtu aliyejikojolea. Melania anasema Madamu Marcelina huwaambia kila siku kwamba hicho ndicho Kiingereza kigumu kuliko vyote, kwa sababu anayekusikiliza ana miaka minne na tayari anatazama kuku dirishani. Maneno mafupi. Mkono uonyeshe. Uso useme. Yeye amejaza daftari tatu za maneno hayo. Sikujua kuwa zipo. Alikuwa ananiuliza, nadhani, ili nisijisikie vibaya.

Uji uliungua. Nimeunywa wote. Uji wa Melania hata ukiungua una mapenzi ndani yake.

Ijumaa, 11 Julai

Leo wamekuja wote wawili dukani, Melania na Feliksi, na andalio la somo lililoandikwa kwa mkono. Feliksi ananiita shemeji. Shemeji tuchapie, shemeji na zile kadi za manila, shemeji una printa nzuri. Akakohoa. Ni kweli anacho kikohozi.

Nikalisoma andalio walipoondoka. Feliksi ndiye anayefungua somo. Feliksi ndiye anayewaalika watoto wacheze. Melania anashika mpira. Mke wangu, kushika mpira! Kila mtu anajua mtathmini hukumbuka sauti ya kwanza aliyoisikia.

Kwa hiyo nimelirekebisha kidogo. Melania atafungua. Feliksi atashika mpira. Kadi ya kwanza, ile ya kuwaalika watoto wacheze, nimeichora kwa maka peni nyekundu, herufi za ukubwa wa kiganja, na ua dogo pembeni. Maneno yenyewe ni matatu. Sikuhitaji hata kutazama mwandiko wa Feliksi.

Ramadhani, kinyozi wa jirani, mtu wa Ujiji, akanichungulia kwenye mlango akauliza kama mke ameniomba hayo. Nikamwambia mapenzi hayasubiri kuombwa. Akasema hata wembe hausubiri, ndiyo maana yeye humuuliza mteja kwanza.

Wivu wa mtu aliyeoa zamani.

Jumatatu, 14 Julai

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nimelala kifudifudi.

Nilikuwa dirishani mwa chekechea tangu saa mbili na nusu, kopi hamsini mkononi ili nionekane nina shughuli. Watoto ishirini na wanane mkekani. Madamu Marcelina nyuma na kalamu yake. Kando yake Mzee Eliakimu, mtathmini kutoka nje ya chuo, kofia kichwani, uso kama mlango uliofungwa. Melania amevaa kile kitenge cha sendofu. Nilidondosha kopi kumi.

Feliksi akasimama na mpira, ameshangaa kidogo, lakini amesimama. Melania akainua kadi yangu. Akaisoma kama ilivyoandikwa, kwa ile sauti yake:

"Let us pray."

Watoto ishirini na wanane wakasimama. Neno hilo wanalijua, wanaambiwa kila asubuhi. Wa makanisani wakafumba macho na kukutanisha mikono. Wa misikitini wakafungua viganja. Mzee Eliakimu akavua kofia.

Niandike wazi ili nisirudie. Kucheza ni play. Kusali ni pray. Tofauti ni herufi moja, na sisi Waha herufi hizo mbili tumezitia mfuko mmoja tangu mababu. Mimi nimelitamka hivyo tangu shule ya msingi, na nimeliandika kama ninavyolitamka. Kumbe miaka yote ile uwanjani nilikuwa nawaita wenzangu ibadani.

Mtoto mmoja wa Ujiji, Hasna, akaanza kuomba kwa sauti, kwa Kiswahili. Alimwombea bibi yake, mbuzi wa bibi, na mguu wa mbuzi. Alipomaliza, wa pembeni yake akaona ni zamu yake. Halafu wa tatu. Nani amkatize mtoto anayemwomba Mungu? Madamu hakuthubutu. Mtathmini hakuthubutu. Feliksi alisimama na mpira kwapani kama mtu aliyefika msibani na ngoma.

Melania peke yake hakutetereka. Alishuka chini, akawa anakwenda kwa magoti kutoka kwa mtoto hadi mtoto, kila aliyemaliza akamgusa kichwa na kumwambia "thank you", na hakuna hata mmoja aliyemsukuma mwenzake. Dakika ishirini zikaisha wakiwa kwa mtoto wa kumi na tisa, ambaye alikuwa anaiombea pikipiki ya baba yake.

Hawakucheza.

Melania akaigeuza kadi, akaitazama. Kisha akatazama dirishani. Nilikuwa nimechuchumaa.

Nyumbani hakupaza sauti. Angepaza ningepona. Alisema wiki nzima alifanyia mazoezi kazi ya mpira, na asubuhi alipokabidhiwa kadi mpya alijua kuna kitu hakiko sawa. Lakini akaliona lile ua. Akasema moyoni, acha niisome ya mume wangu, amehangaika.

Nikalia kidogo. Aliliona ua.

Jumanne, 15 Julai

Matokeo yamebandikwa. Kumudu watoto, kumi na tisa kwa ishirini, alama ambayo Madamu Marcelina hajawahi kumpa mtu. Kiingereza, saba. Amewaambia wanachuo kwamba Kiingereza kinafundishika, lakini kumtuliza mtoto wa miaka minne mtu huja nako kutoka kwao. Amempeleka Melania Simbo. Feliksi amebaki mjini, kwa sababu alishika mpira vizuri.

Simbo. Nimekaa chini.

Melania hana huzuni hata chembe. Simbo ni kwao, mama yake yuko kule, atakuwa anakuja kila Ijumaa. Ramadhani naye amekuja kunicheka. "Simbo? Bona, Simbo mimi nakwenda kunyoa harusi nzima na adhuhuri nasali hapa. Unalia kama kapelekwa Kongo."

Hawaelewi. Kila siku atakula ugali wa muhogo wa mama yake, na migebuka ya mama yake, na mawese ya mama yake. Atakumbuka kwamba kabla yangu alikuwa na raha. Ijumaa hadi Ijumaa ni siku saba. Ndoa ina siku ishirini na nne.

Kwa hiyo nimemwandikia Madamu Marcelina. Kwa Kiingereza, ili aone kwamba nyumba yetu si ya watu wa hivihivi. Nilitaka kusema kwamba mke wangu ana matarajio makubwa na si vizuri awe mbali na mumewe. Safari hii sikubahatisha. Kutarajia nimelitafuta kwenye kamusi, herufi kwa herufi. Nikachapa: "My wife is expecting. It is not good for her to be far." Nikaweka sahihi, nikapeleka mwenyewe kwa karani wa chuo.

Melania sijamwambia. Nataka iwe furaha ya ghafla.

Jumatano, 16 Julai

Melania amerudi kutoka chuoni saa sita, uso umechanganyikiwa. Madamu Marcelina amemkumbatia katikati ya uwanja. Akamkataza kuinua madawati. Feliksi akamletea kiti, akamwambia hongera, akamwuliza kama anataka embe bichi. Melania ameniuliza mimi nini kinaendelea. Nikasema wameanza kumthamini.

Saa nane nikaelewa, kwa njia mbaya kuliko zote. Mama mkwe alishuka kwenye bajaji mbele ya duka, na kuku mkononi. Mwanachuo mmoja, Esther, aliye jirani yake Simbo, alikwishampigia simu.

Mama mkwe kwetu hapewi mkono wala hakaziwi macho. Nikarudi nyuma ya printa, nikainama. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akaenda kuketi kwenye kiti cha kunyolea cha Ramadhani, mgongo kwangu, na mazungumzo yakapita kwa kinyozi.

"Ramadhani, mwulize mwenye duka, ndoa ina siku ngapi?"

"Mwenye duka, ndoa ina siku ngapi?"

Nikasema ishirini na tano.

"Ishirini na tano, mama."

"Yewe. Na mimba ya siku ishirini na tano, aliyeiona ni nani? Au harusi ilichelewa?"

Ramadhani akasema mzigo huo hawezi kuubeba, yeye ni kinyozi tu.

Mimba. Nikashika printa. Nikaifungua kamusi chini ya meza, nikasoma sasa mpaka mwisho wa mstari, kule ambako jana sikufika. Neno hilo likikaa peke yake, bila kitu kinachotarajiwa, maana yake mwanamke ni mjamzito.

Ningejitetea vipi? Habari za tumbo la binti, mkwe hazitaji mbele ya mama yake. Ni heri nife. Nikasema: Ramadhani, mwambie mama kwamba ni Kiingereza.

"Mama, anasema ni Kiingereza."

Mama mkwe akamhamishia kuku mkono wa pili. Akasema enzi zao jambo hilo lilikuwa na jina jingine.

Akamwacha kuku kwa Ramadhani, kwa ajili ya supu ya binti yake. Ramadhani ameniletea kuku akiwa amejiuma midomo mpaka machozi yanamtoka.

Alhamisi, 17 Julai

Siku nyeusi.

Madamu Marcelina, kwa wema, kwa wema mtupu, amebadilisha orodha. Amefikiri kwamba Simbo mwalimu hukaa mbali na huduma, na mjamzito hafai kuhangaika. Mwamgongo, nyumba ya mwalimu imepakana na zahanati, na nesi wa pale, Yunisi, ni mdogo wake Madamu wa tumbo moja. Kwa hiyo Melania anakwenda Mwamgongo. Miezi miwili. Kwa boti.

Na kwa sababu mjamzito hafai kubeba mizigo, ametafutiwa kijana mwenye nguvu wa kwenda naye. Feliksi.

Nilikuwa nimemwungamia usiku, na Melania alikwenda mwenyewe kusema ukweli. Madamu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. Orodha imesainiwa na kupelekwa, na Esther, aliyekuwa aende Mwamgongo, amekwishahamishia godoro Simbo. Haiwezekani tena.

Halafu Madamu akaingia darasani na kuandika sentensi yangu ubaoni, ile yote, bila jina, akawafundisha kipindi kizima kwamba mwalimu anayeandika barua kwa wazazi wa watoto lazima ajue maneno kama hayo. Wanachuo arobaini wakainakili. Mke wangu akiwa katikati yao, naye ameinakili.

Jioni, jua bado lipo, tumekaa mlangoni tunachambua dagaa. Hakuwa na hasira. Nilitamani hasira. Alisema:

"Bona, mimi niliingia chuo kile kabla hujanioa. Mama aliuza shamba la michikichi nikaingia. Nataka kufaulu kitu kimoja ambacho hukukichapa wewe."

Nikachambua dagaa yuleyule mara tatu.

Akasema tena, polepole, kama anavyosema na watoto: "Nipende tu. Usinisaidie."

Nikaahidi. Nimeapa kwa jina la baba yangu. Akaniegemea begani, mikono yake inanuka dagaa, na sijawahi kunusa kitu kizuri namna ile.

Jumamosi, 19 Julai

Kibirizi. Boti ilikuwa imejaa magunia, mabati, wanawake wenye ndoo, na upepo wa kusini ulikwishaanza kulichafua ziwa. Melania aliingia majini mpaka magotini, viatu mkononi. Feliksi nyuma yake, godoro la mke wangu kichwani. Sikuangalia.

Nilimshika mkono Melania mpaka nahodha akauliza kama bwana harusi anasafiri au anaaga, kwa sababu injini inakula mafuta. Watu wakacheka. Mama mmoja akasema mwacheni, hao bado wabichi.

Melania akanishika shavu. Akaniambia nile. Akaniambia nimlipe Ramadhani hela ya nywele. Akaniambia anaogopa kidogo, si ziwa, ni watoto arobaini na sita peke yake, na kwamba anaipenda ile hofu. Macho yanamng'aa. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya harusi, na siku ya harusi nilikuwa mimi pale.

Nilisimama mpaka boti ikawa punje, mpaka ikawa hakuna. Suruali imelowa. Nimerudi mjini kwa miguu.

Jumanne, 22 Julai

Ujumbe umeingia asubuhi, mtandao wa kule huja na kuondoka. Nimeusoma mara kumi na moja. Wamefika salama. Feliksi alitapika kuanzia Gombe mpaka mwisho, na nesi Yunisi amemlaza yeye kwenye kile kitanda kilichoandaliwa kwa mjamzito. (Mungu yupo.) Watoto wengi hawajui hata Kiswahili vizuri, kwa hiyo anaanza na Kiha, anapita Kiswahili, ndipo anafika kwenye Kiingereza, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Jana waliimba wakinawa mikono ziwani. Mwalimu mkuu, Mwalimu Meshack, alisimama nyuma ya darasa dakika tano, akaondoka, na mchana akamwambia darasa ni lake.

Mwishoni ameandika: "Nakupenda. Usije kwanza. Nikimaliza tathmini ya mwezi wa nane nitakuita mwenyewe."

Maskini Melania. Mume yeyote anayempenda mkewe anaona kinachosemwa pale. Mwanamke hawezi kuandika "usije" kama hajawaza kuja. Na darasa zima kuachiwa mtu mmoja, bila msaada! Ni kiapo gani kinachoweza kunizuia? Niliapa kutomsaidia yeye. Shule sikuitaja.

Nimemwandikia Mwalimu Meshack, si mke wangu, kwa hiyo ahadi haijaguswa. Nimejitambulisha kama mtaalamu mgeni wa Kiingereza cha watoto wadogo kutoka mjini. Nimemwomba aniandalie kiti katika darasa la Mwalimu Melania kwa siku tatu, na asimwambie, ili tathmini iwe ya haki. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu, kila neno nimelisoma kwenye kamusi mpaka mwisho wa mstari. Nahodha wa boti ya saa sita ameshaichukua barua.

Nimemalizia kwa sentensi ambayo haina mahali pa kukosea: ziwa litulie au lisitulie, kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Mwamgongo, mlangoni mwa darasa, nimevaa tai.